Picha ya Goti Lililolala: Dalili za Mionzi na Kuyumba kwa Goti Lililoumia Ligamenti

Mhadhara kwa matabibu, wateknolojia wa mionzi, wanafunzi wa udaktari na walimu wa michezo

Mikutano yetu mingi huzungumzia maradhi yanayoua, na inastahili iwe hivyo. Goti haliui mara nyingi. Lakini humtoa kijana uwanjani, humshusha dereva wa bodaboda kwenye pikipiki inayomlisha, humfanya mama aogope kushuka mteremko na ndoo ya maji kichwani. Na mara nyingi huwatesa hivyo kwa miaka kwa sababu siku ya kwanza waliambiwa, "Picha iko safi, nenda nyumbani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu. Kusudi langu ni kueleza picha inasema nini na inanyamaza wapi, pale ligamenti za goti zinapokatika. Nitashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: picha huonyesha kilichokatika na njia iliyopita ajali, lakini kama goti litamwachia mtu akiwa njiani, hilo linajulikana kwa mkono wa mpimaji na kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Nitakwenda kwa hoja, na hazitalingana urefu. Ninyi mliokaa nyuma msiogope majina ya mifupa. Nitayataja machache, na kila moja nitalieleza.

Hoja ya kwanza: kulegea ni jambo moja, kuyumba ni jingine

Goti linashikiliwa na ligamenti kuu nne. Mbili ziko ndani kabisa, zimepishana kwa umbo la msalaba. Ile ya mbele, ambayo wapenzi wa mpira wanaijua kwa herufi zake, ACL, huanzia juu, nyuma ya mfupa wa paja upande wa nje, ikashuka kwa mshazari hadi sehemu ya mbele ya kichwa cha muundi. Huo muundi ndio mfupa mkubwa wa chini ya goti. Kazi ya ACL ni kuuzuia muundi usiteleze mbele. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba hubeba karibu asilimia 85 ya kazi hiyo peke yake. Pia huzuia muundi usijizungushe kupita kiasi. Ile ya nyuma, PCL, ni nene zaidi, nayo huzuia muundi usirudi nyuma. Mbili zilizobaki ziko pembeni: ya ndani na ya nje. Ya nje haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake kuna kundi la kano na utando ambalo madaktari wa mifupa tunaliita kona ya nyuma ya nje. Ishikeni kona hiyo akilini, nitairudia.

Ligamenti ikikatika, mifupa hupata nafasi ya kwenda mahali ambapo haikutakiwa kwenda. Huko ndiko kulegea, na hupimwa kwa milimita: mpimaji anavuta, kisha analinganisha na goti zima. Tofauti ya hadi milimita 5 ni daraja la kwanza, kati ya 5 na 10 daraja la pili, zaidi ya 10 daraja la tatu. Kuyumba ni habari ya mgonjwa. Ni yeye anayesema, "Nikigeuka ghafla, goti linaniachia." Wapo watu wenye magoti yaliyolegea waziwazi mkononi mwa daktari lakini hawajawahi kuachiwa hata mara moja, kwa kuwa misuli ya paja imejifunza kushika pale ligamenti ilipoachia. Wapo wengine ambao kulegea kwao ni kwa milimita chache, na hawawezi kuvuka barabara kwa haraka. Tukiyachanganya mambo haya mawili, tutampasua asiyehitaji na kumrudisha nyumbani anayehitaji.

Hoja ya pili: eksirei ya kawaida inaona mengi kuliko tunavyoipa heshima

Hapa nitakaa zaidi, na nina sababu. Eksirei ipo katika hospitali nyingi za wilaya, MRI haipo. Wengi tumefundishwa kwamba eksirei huonyesha mifupa tu, kwa hiyo kwenye ligamenti haina msaada. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Ligamenti yenyewe haionekani. Lakini ligamenti imejishika kwenye mfupa, na ikivutwa kwa nguvu, mara nyingine hung'oa kipande cha mfupa ilichojishika. Kipande hicho kinaonekana. Kazi yetu ni kukijua kilitoka wapi.

Mwaka 1879 huko Paris, daktari wa upasuaji Paul Segond alikuwa akichunguza kwa nini goti lililoteguka hujaa damu. Alichukua magoti ya maiti akayakunja na kuyazungusha kwa nguvu hadi yakaumia. Akaona kwamba mara nyingi kipande chembamba cha mfupa kinabanduka pembeni mwa muundi, upande wa nje, chini kidogo ya uso wa kiungo, mahali palepale utando fulani wa pembeni unapojishika. Kumbukeni Röntgen aligundua miale ya eksirei mwezi Novemba 1895. Segond alikiandika kipande kile miaka 16 kabla ya kuwapo chombo cha kukionyesha kwa mtu aliye hai. Leo kinaitwa kwa jina lake. Ukikiona kwenye picha ya mbele, kipande chembamba kilichosimama sambamba na ukingo wa muundi, usikiandike kama "mfupa mdogo umevunjika, apewe dawa ya maumivu." Katika wagonjwa walio wengi mno wenye kipande hicho, ACL imekatika. Ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele mara nyingine, na ni mojawapo ya ushahidi mzito ambao eksirei inaweza kutupa kuhusu ligamenti.

Sasa tazameni picha ya upande. Kwenye mfupa wa paja, upande wa nje, kuna kijishimo cha asili kisicho na kina. ACL inapokatika, muundi huruka mbele na ukingo wake wa nyuma hugonga palepale. Kikizama zaidi ya milimita 2 hivi, shuku. Tena kwenye picha hiyohiyo, tafuta nyuma ya kichwa cha muundi: kipande kilichobanduka hapo ni mahali PCL ilipojishika. Kwetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu anayeanguka na pikipiki mara nyingi hugonga chini au kwenye gari akiwa amekunja goti, na pigo likija kwa mbele huusukuma muundi nyuma. Ni ajali inayolenga PCL moja kwa moja. Kipande kikionwa mapema, kinaweza kurudishwa na kukazwa kwa skrubu mahali pake, na ligamenti ikapona yenyewe ikiwa nzima. Kikionwa baada ya miezi, hadithi inakuwa ndefu.

Mtoto anayeanguka na baiskeli ana habari yake. Kwa watoto wa umri wa miaka 8 hadi 14, mfupa mara nyingi hushindwa kabla ya ligamenti, na kile kilima kidogo katikati ya kichwa cha muundi hubanduka pamoja na ACL. Meyers na McKeever walikipanga kidonda hiki kwa madaraja mwaka 1959, kufuatana na jinsi kipande kilivyoinuka, na mpangilio wao bado tunautumia. Mtoto aliyevimba goti baada ya kuanguka na baiskeli asiondoke bila mtu kukitazama kilima kile kwenye picha ya mbele na ya upande.

Nimesema mtaisikia tena kona ya nyuma ya nje. Kwenye ncha ya fibula, ule mfupa mwembamba wa pembeni, kipande kidogo kikibanduka ni alama kwamba kona hiyo imeng'oka. Hii ndiyo alama inayonisumbua kuliko zote. Kona hiyo isipotibiwa, hata ACL mpya iliyowekwa kwa ustadi huelemewa, ikavutika na kukatika tena, na lawama zikamwangukia mpasuaji au fundi wa mazoezi. Kosa lilikuwa kwenye picha ya siku ya kwanza.

Ndugu zangu wateknolojia wa mionzi, hapa nawaomba ninyi. Picha ya upande ipigwe mgonjwa akiwa amelala chali na miale ikipita kwa ulalo kutoka ubavuni mwa goti. Goti lililovunjika ndani humwaga mafuta ya uboho pamoja na damu; mafuta huelea juu, damu hukaa chini, na mstari kati yao huonekana kwenye picha ya namna hiyo tu. Ukimgeuza mgonjwa alalie ubavu na kupiga kutoka juu, mstari unapotea, na tabibu atakayesoma hatajua kwamba kuna mfupa uliopasuka.

Na si kila goti linahitaji picha. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitengeneza kanuni rahisi katika miaka ya 1990: piga picha ikiwa mtu ana miaka 55 au zaidi, ana maumivu ukibonyeza kichwa cha fibula, ana maumivu kwenye pia ya goti peke yake, hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90, au hawezi kupiga hatua nne. Kanuni hiyo iliundwa ili kutafuta mifupa iliyovunjika. Haikuundwa kutafuta ligamenti. Kwa hiyo anayepita kanuni hiyo salama bado anaweza kuwa na ACL iliyokatika, na hapo ndipo mkono unapoingia.

Hoja ya tatu: mkono utangulie mashine

Wengi wenu mliona, tarehe 17 Oktoba 2020, beki Virgil van Dijk alivyogongwa na kuumia ACL kwenye mechi ya Liverpool na Everton. Yeye aligongwa. Wachezaji wengi wanaokata ACL hawaguswi na mtu. Anakimbia, anasimama ghafla kugeuka, au anatua kutoka hewani kwenye mguu mmoja, goti linaingia ndani, na anasikia kitu kimelia. Mara nyingi hawezi kuendelea kucheza. Na goti linavimba ndani ya saa chache. Waheshimiwa makocha, saa hizo ni muhimu: uvimbe wa haraka ni damu, na kati ya wachezaji 10 waliojaa damu gotini baada ya kuumia, takribani 7 wana ACL iliyokatika. Uvimbe uliokuja kesho yake asubuhi una maana nyingine. Tafadhali iandikeni saa ya kuvimba. Na goti hilo lisichuliwe. Najua mikono ya wazee wetu wa kuchua ina heshima yake, lakini goti lililojaa damu halihitaji kukandwa kwa maji moto.

Kipimo ninachotaka kila tabibu akijue ni cha Lachman, kilichopewa jina la John Lachman wa Philadelphia na kuelezwa kwa maandishi na mwanafunzi wake Joseph Torg mwaka 1976. Mgriki Georges Noulis alikuwa ameeleza kipimo kinachofanana nacho karne moja kabla, mwaka 1875. Mgonjwa analala chali, goti linakunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja unashika paja chini, mwingine unashika muundi na kuuvuta mbele. Unasikiliza mambo mawili: umekwenda umbali gani, na umesimamaje. ACL nzima husimamisha mfupa kwa ghafla. Iliyokatika huuacha usogee mpaka misuli na ngozi viuzuie polepole. Kisha rudia kwenye goti zima, maana wapo watu ambao magoti yao yote mawili yamelegea tangu kuzaliwa. Mwenye mikono midogo na mgonjwa mnene, weka goti lako chini ya paja lake; litakubebea uzito.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba Lachman hugundua asilimia 85 ya ACL zilizokatika, na huwaondoa kwa usahihi asilimia 94 ya wasio na tatizo. Hilo ni tendo la dakika mbili lisilolipiwa. Kipimo cha pili, kile cha kuzungusha goti likaruka na kurudi, ambacho MacIntosh na wenzake wa Toronto walikieleza mwaka 1972, ndicho kinachokaribia zaidi kile mgonjwa anachokisikia njiani. Kikitokea, karibu hakikosei. Lakini mgonjwa mwenye maumivu hukaza misuli, na katika uchambuzi uleule kilionekana kwa robo tu ya waliokatika. Akilazwa kwa nusukaputi, huonekana mara nyingi zaidi.

Mtego mmoja tu nitautaja. PCL ikikatika, muundi huning'inia nyuma. Mpimaji akiuvuta mbele, unasogea sana, na yeye anasema ACL imekatika, kumbe amerudisha tu mfupa mahali pake. Kabla ya kuvuta chochote, kunja magoti yote mawili nyuzi 90, inama utazame kwa upande. Muundi uliozama unaonekana kwa macho.

Hoja ya nne: MRI ni shahidi mzuri aliyekuwa amesimama mbali

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimeidharau MRI. Naiheshimu sana. Hutuonyesha ligamenti zenyewe, meniskasi (ile mito ya gegedu iliyo kati ya mifupa), gegedu na uboho, bila mionzi hatari. ACL nzima huonekana ni mstari mweusi ulionyooka, ukipanda kwa mshazari. Iliyokatika huonekana imefumuka, imeng'aa kwa maji, au imelala chini. Hizo ni dalili za moja kwa moja. Zinazonivutia zaidi ni zile za kuzunguka, kwa sababu ni nyayo za ajali.

Dalili kubwa kuliko zote ni vilio la damu ndani ya mfupa, mahali pawili kwa pamoja: katikati ya mfupa wa paja upande wa nje, na ukingo wa nyuma wa muundi upande huohuo. Sehemu hizo mbili hazigusani goti likiwa salama. Zimegusana kwa sababu muundi uliruka mbele na kuzunguka, ukagonga, ukarudi. Ukiona alama hizo mbili, umeona tendo lenyewe ingawa limekwisha. Vilio lililo mbele ya kichwa cha muundi linaeleza pigo lililosukuma nyuma, basi kaitazame PCL. Vilio la nje pamoja na mchaniko wa ligamenti ya ndani linaeleza goti lililofunguliwa upande wa ndani. Kuna dalili nyingine: muundi uliokaa mbele kwa milimita kadhaa kuliko kawaida, PCL iliyojikunja kwa kukosa mvuto, meniskasi ya nje iliyobaki nyuma ikiwa nje ya uso wa muundi. Mtaalamu wa mionzi anayeziandika hizi kwenye ripoti yake anamsaidia mpasuaji kuliko anayeandika sentensi moja kwamba ACL imekatika.

Lakini mgonjwa wa MRI amelala chali, ametulia, hakuna uzito mguuni, hakuna anayemsukuma. Kamba ya mlingoti haijulikani uimara wake jahazi likiwa limetia nanga bandarini. Hujulikana tanga likijaa upepo. Ndiyo maana picha inaweza kukosea kwa pande zote mbili. PCL iliyokatika mwaka jana mara nyingi hujiunga ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa. MRI yake leo itaonyesha mstari mweusi usiokatika, na ripoti itasema nzima, huku mkono ukisikia muundi unazama kwa sentimita moja. ACL ya zamani nayo inaweza kujishika kwa kovu juu ya PCL na kuonekana kana kwamba ipo. Kwa upande mwingine, iliyokatika nusu huonekana vibaya sana kwenye picha na bado inashika. MRI ina uwezo mkubwa wa kutambua mkatiko kamili wa ACL. Kwa mkatiko wa nusu, uwezo huo hupungua.

Kwa PCL kuna picha inayopima tendo lenyewe: eksirei inayopigwa muundi ukiwa umesukumwa nyuma kwa nguvu maalumu, au mgonjwa akiwa amepiga magoti. Tofauti na goti zima ikifika milimita 8 au zaidi, PCL imekatika kabisa. Ikizidi 12, kona ya nyuma ya nje pia imeguswa. Hiyo inaweza kufanyika katika hospitali yoyote yenye eksirei na mteknolojia aliyefundishwa.

Maoni yangu, na najua baadhi ya wenzangu humu hawakubaliani nami, ni kwamba mgonjwa asitumwe MRI kabla goti lake halijashikwa na mtu anayejua Lachman. Familia nyingi huuza mbuzi au huchangisha ukoo mzima kulipia kipimo hicho. Wakishalipa, hakuna kinachobaki kwa ajili ya mazoezi tiba, na mazoezi hayo ndiyo yangemsaidia kuliko karatasi ya ripoti.

Hoja ya tano: goti lililotoka likarudi lenyewe

Hii ni hoja fupi na ni ya kuokoa mguu. Ajali kubwa, hasa ya pikipiki, inaweza kulitoa goti lote mahali pake, kisha likarudi lenyewe kabla mgonjwa hajafika hospitali. Eksirei itaonyesha mifupa iliyopangika vizuri. Picha iko safi, na mguu unakufa.

Nyuma ya goti kuna mshipa mkuu wa damu uliofungwa juu na chini, hauna mahali pa kukimbilia. Goti likitoka, unavutwa na kuchanika. Green na Allen waliripoti mwaka 1977 kwamba wagonjwa ambao mshipa haukushonwa ndani ya saa 8, asilimia 86 walikatwa mguu. Walioshonwa ndani ya muda huo, asilimia 11. Kwa hiyo ukipima ukakuta ligamenti mbili au zaidi zimeachia, au goti linafunguka pembeni likiwa limenyooka kabisa, chukulia kwamba lilitoka. Pima presha ya kifundo cha mguu, ilinganishe na ya mkono. Ya mguu ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, mpeleke haraka panapoweza kuchunguzwa mishipa. Kusikia mapigo kwa kidole hakutoshi, maana ukuta wa ndani unaweza kuchanika na damu ikapita kwa saa kadhaa kabla ya kuziba. Rudia kupima kila saa. Mwambie pia anyanyue unyayo; ukishindwa kupanda, mshipa wa fahamu wa pembeni umeumia. Daktari kijana wa zamu ya usiku, nakuomba uifanye hii hata kama kaka yake mgonjwa anakuharakisha kwamba usafiri wa kurudi nyumbani unaondoka.

Hoja ya sita: uamuzi unafuata kuyumba

Kijana ana miaka 22, ACL imekatika, picha haina shaka. Apasuliwe? Huko Uswidi, Richard Frobell na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa vijana 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wasio wachezaji wa kulipwa. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi tiba. Kundi jingine lilianza kwa mazoezi, upasuaji ukabaki kwa atakayeendelea kuyumba. Baada ya miaka miwili matokeo yao kwa ujumla hayakutofautiana, na katika watu 59 wa kundi la pili, 36 walikuwa hawajapasuliwa. Wote picha zao zilisema kitu kilekile siku ya kwanza. Kilichowatenga ni jinsi magoti yao yalivyoishi.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, wa wagonjwa 316, uliwachukua wale ambao tayari walikuwa wakiyumba kwa muda. Kwao upasuaji ulitoa matokeo bora. Mimi sioni mgongano hapa. Anayeyumba asicheleweshwe, kwa kuwa kila goti linapoachia linasaga meniskasi, na meniskasi ikienda, yabisi ya goti inakuja mapema. Asiyeyumba apewe mazoezi ya kweli kwa miezi, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, tena yakipimwa kwa nguvu za misuli, asipewe karatasi yenye michoro.

Mwanamichezo anayeishi kwa kugeuka na kuruka ana hesabu yake tofauti, na wasichana wanahitaji jicho la pekee, kwa kuwa hukata ACL mara mbili au zaidi kuliko wavulana katika michezo ileile. Kwao yapo mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi yanayoitwa 11+, yaliyotokana na FIFA, na jaribio la Norway la mwaka 2008 kwa wasichana wa mpira wa miguu lilionyesha yanapunguza majeraha makubwa. Hayahitaji kifaa zaidi ya uwanja na mpira. Mwalimu wa sekondari anaweza kuyaanza wiki ijayo.

Ndugu Mwenyekiti, nimeuona mkono wako ukigusa saa, basi niseme ninayoyatazamia. Norway ilianza daftari la kitaifa la upasuaji wa ligamenti za goti mwaka 2004, na Uswidi ikafuata mwaka 2005. Humo wanajua nani alipasuliwa, kwa namna gani, na nani alirudi akiwa amekatika tena. Sisi tunaweza kuanza kwa daftari la karatasi katika hospitali chache zinazokubaliana: tarehe ya kuumia, jinsi alivyoumia, Lachman imesimamaje, kipande gani kimeonekana kwenye eksirei, na swali moja baada ya mwaka, kwamba goti limekuachia mara ngapi. Chuo cha matabibu kinachotaka kufundisha mikono, nitakuja mimi mwenyewe, na magoti ya kufanyia mazoezi tutayapata kwa wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Wateknolojia watatu wameniahidi kabla ya mhadhara huu kujaribu picha ya kupiga magoti kwa wagonjwa wa PCL, na tumekubaliana tutaleta matokeo hapahapa kwenye mkutano ujao, yawe mazuri au mabaya. Vilabu vinavyotaka kuanza mazoezi ya kupasha mwili vijiandikishe kwa katibu mlangoni.

Mezani kuna picha za eksirei za vidonda nilivyovitaja, nyingine ni ngumu kidogo. Karibuni mzisome kabla hatujafungua maswali.